Kifungo cha Komamanga

Kosa lilikuwa la Laban, ingawa yeye mpaka leo anashikilia kwamba lilikuwa la lugha.

Selipher mwenyewe ni Mluhya, lakini alizaliwa Changamwe, Mombasa, akalelewa katikati ya majirani ambao ukiwaambia "nimekam" wanakutazama kana kwamba umetema mate sakafuni. Basi akakua na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alipofika Jeddah kufanya kazi za nyumbani, mtaa wa Rawdah, Wakenya wenzake kwenye kundi la WhatsApp hawakumtania kwa kitu kingine ila hicho. Wao wakisema friji, yeye anasema jokofu. Wao wakituma "niko sawa", yeye anatuma "sijambo, nashukuru". Aliyempachika jina la Kamusi alikuwa binamu yake Laban, kijana wa Webuye, dereva huko Riyadh.

Laban alikaa Shumaisi, chumba kimoja na madereva wenzake, na alikuwa mwenyekiti wa Wakenya. Hakuna aliyemchagua. Alijichagua mwenyewe, na kusema kweli hakuna aliyelalamika, maana mtu akiugua au akikwama na ikama yake, kile kibali cha ukaazi, Laban ndiye wa kwanza kupiga simu huku na huku. Shida yake ni kwamba alikuwa wa kwanza kupiga simu hata pale ambapo hakuna aliyeugua.

Sasa turudi Rawdah. Nyumba aliyofanya kazi Selipher ilikuwa ya Baba Idris na mkewe, Madam Nawal, lakini aliyeitawala alikuwa mama yake Baba. Jina lake Hajja Mu Shuqin. Watu wote, mpaka muuza maji, walimwita Nainai, ambalo kwa Kichina ni bibi mzaa baba. Alikuwa Mchina Mwislamu aliyeletwa Hijazi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, kutoka Gansu, na amekaa Jeddah miaka mingi hata anagombana na wenye maduka kwa Kiarabu cha Jeddah kisicho na chembe ya ugeni. Kichina alikuwa amekiweka akiba kwa kazi mbili tu: kukaripia, na kufunga vifungo.

Usifikirie vifungo vya plastiki. Nainai alikata hariri mshazari, utepe mwembamba, akaupaka gundi ya unga wa ngano, akaukunja na kuushona kwa mishono isiyoonekana mpaka ukawa kamba. Ile kamba akaizungusha kwenye kidole, ikapita juu, ikapita chini, ikajipenyeza yenyewe, akaivuta polepole mpaka ikakaza na kuwa kichwa kidogo kigumu. Mkia wake akaukunja uwe ua, na upande wa pili wa nguo akaweka kitanzi cha kukishika kile kichwa. Kwa Kichina huitwa pankou. Wanawake wa ukoo wa mama yake walikuwa na ua lao wenyewe, la komamanga, lenye waya mwembamba wa shaba ndani ili petali zisilale.

Shida ni kwamba mikono ya Nainai ilikuwa imeanza kutetemeka, na hakuwa amepata wa kumwachia kazi hiyo. Alizaa wavulana watupu. Wake wa wanawe aliwajaribu wote. Mmoja alisema kucha zake zitaharibika. Mwingine alisema atakuja Alhamisi, na Alhamisi hiyo bado inasubiriwa. Madam Nawal, ambaye hana ubaya ila ana simu, alimwonyesha mkwewe vifungo vile vile mtandaoni, vinauzwa kwa mfuko. Nainai hakumsemesha wiki nzima.

Selipher aliingia katika jambo hili kwa mlango wa jikoni, kama alivyoingia katika kila kitu cha nyumba ile. Jioni moja alikuwa anakunja nguo, akabaki ametoa macho anaitazama ile mikono mizee ikihangaika na kamba. Nainai akamrushia kipande cha hariri. "Yalla," akamwambia. "Macho hayafungi kitu."

Selipher akajaribu. Nainai akakitazama alichofunga, akakunja uso, akasema kwa sauti ya amri, "Chai!"

Selipher akainuka mbio, akaenda jikoni, akachemsha chai nzuri ya tangawizi, akaileta kwenye sinia. Nainai akashangaa kidogo, lakini akainywa. Kesho yake Selipher akafunga tena, Nainai akasema tena, "Chai!" na Selipher akaleta tena, safari hii na maandazi. Ikawa hivyo siku kadhaa. Nainai akawa anajiuliza ni msichana gani huyu anayeomba radhi kwa vinywaji, na Selipher akawa anajiuliza bibi huyu ana kiu gani. Mpaka siku ile Nainai alipomshika mkono asiinuke, akachukua makasi, akakata mshono, akaifumua kamba yote mbele ya macho yake. "Chai," akasema, akimwonyesha uzi uliofumuliwa. "Chai, chai, chai!" Kumbe kwa Kichina neno hilo ni fumua.

Selipher aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha wote wawili wakacheka, na tangu hapo chai ililetwa baada ya kazi, si badala yake.

Kilichomvuta Selipher katika kazi hiyo ni hiki, na tukiseme wazi. Katika nyumba ile alifanya kazi tangu alfajiri, na kila alichokifanya kiliisha siku hiyo hiyo. Chakula kililiwa, sakafu ilikanyagwa, shuka zilirudi kwenye kikapu cha nguo chafu. Hakuna siku aliyolala akasema, kile pale, nimekifanya mimi, na kesho kitakuwepo. Kifungo kilikuwepo. Alikiamkia asubuhi akakikuta vile vile, kimekaza, kinamtazama. Alikipenda mno, akaogopa kumwambia mtu asije akachekwa.

Basi ikatokea kwamba mjukuu wa Nainai, Rawan, anayefundisha Kichina katika shule moja ya wasichana Riyadh, akapata meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono za wanawake wa Kichina. Akapiga simu kuomba vifungo vya bibi yake. Nainai akakubali kwa sharti moja. Anayefunga ndiye atakayekaa mezani, afunge watu wakiona, ajibu akiulizwa. Hataki meza ya kupigia picha. Halafu akamgeukia Selipher. "Ukiweza komamanga, utakwenda wewe. Usipoweza, hakwendi mtu, na ua hili litakufa na mimi. Nitakwenda nalo kaburini, wala sitajali."

Alijali. Hata paka wa nyumba ile alijua kwamba anajali.

Selipher alipiga moyo konde. Ilikuwa wiki ya kwenda Riyadh, na komamanga lilikuwa kila likikaribia kukubali linamgeuka. Jumanne, mikono ikiwa imemchoka na moyo umemjaa, akatamani kumwambia mtu angalau nusu ya habari. Akamtumia Laban ujumbe wa sauti. Nauweka hapa kama ulivyo, msomaji uamue mwenyewe.

"Laban ndugu yangu, salamu. Nina jambo, ila usimwambie mama bado. Nimepewa kifungo. Si vile vifupi nilivyozoea, hiki ni kirefu, na kazi yake ngumu. Nainai kasema nisipokimaliza, Riyadh siioni. Lakini usiwe na wasiwasi, nimekikubali kwa moyo mmoja."

Kwao Webuye, kitu cha kufungia shati ni button. Kifungo ni kile unachosomewa na hakimu.

Laban aliusikiliza ujumbe ule akiwa kwenye gari, mbele ya duka, anamsubiri bosi wake. Akausikiliza tena. Kifungo kirefu, na kazi ngumu. Na vile vifupi alivyozoea? Kumbe binamu yake amekuwa akifungwafungwa na hasemi! Akaandika kwa vidole vinavyoteleza: "Umefanya nini???"

Selipher aliusoma ujumbe huo kesho yake, akaona Laban anauliza amefika wapi na kazi. Akajibu kwa furaha, kwa sauti ya chini maana Nainai alikuwa amelala: "Kifungo nimekimaliza leo, alhamdulillahi. Sasa kimebaki kitanzi tu. Kesho asubuhi, Mungu akipenda. Niombee nisitetemeke."

Kisha akaizima simu, akaitia kwenye droo ya jikoni, kwa sababu Nainai hakutaka kitu chochote kinacholia karibu na hariri.

Sitaeleza yote yaliyotokea Shumaisi. Itoshe kusema kwamba Laban alikaa chini kwenye ngazi, na wenzake wakadhani amepoteza kazi. Alipiga simu ya Selipher ikawa imezimwa, na hilo likawa ushahidi tosha. Likaundwa kundi jipya la WhatsApp lenye jina la Okoa Selipher. Watu wakafunga na kuomba. Mmoja akauliza kama hapa wananyonga kweli, akajibiwa asilete maneno mengi wakati wa msiba. Laban akatafuta namba ya ajenti aliyemleta Selipher, akamweleza kwa Kiarabu chake cha barabarani, na kwa kuwa Laban hajawahi kuwa na habari ndogo, alipomaliza kueleza Selipher alikuwa amefungiwa ndani, anapigishwa kazi ngumu, na kamba iko tayari.

Ajenti akampigia Baba Idris Alhamisi jioni.

Wakati huo Selipher alikuwa amemaliza. Kitanzi kilikuwa kimekaa, komamanga limefunguka petali zote, na Nainai alikuwa amelivuta, amelibonyeza, amelinusa hata, na hakusema "chai". Alikwenda kuswali. Selipher alijua maana yake, akaanza kupanga nguo zake za safari huku anaimba. Ndipo akaitwa sebuleni.

Baba Idris alikuwa amesimama, simu mkononi, uso umemshuka. Madam Nawal alikuwa amekaa, na huyo ndiye wa kuogopwa.

"Tumekukosea nini?" akauliza Madam. "Umewaambia watu tumekufunga jela? Tunataka kukunyonga? Sisi?"

Selipher alishikwa na butwaa. Akaapa kwamba hajasema neno kama hilo. Wakamwambia alete simu, awasikilizishe alichomtumia ndugu yake. Akawasikilizisha. Hawakuelewa, ni Kiswahili. Lakini yeye alijisikia mwenyewe, safari hii kwa masikio ya Laban. Nimepewa kifungo. Kimebaki kitanzi tu. Niombee nisitetemeke.

Akacheka. Na hapo ndipo alipoharibu kila kitu.

Alijaribu kueleza, lakini Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni. Alikuwa na neno la bizari na neno la sabuni ya vyombo. Neno la kusema kwamba neno moja lina maana mbili hakuwa nalo. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kutaja jela. Madam akainua mkono. "Halas. Unatucheka katika nyumba yetu. Mafi Riyadh, huendi. Rawan atakaa mwenyewe na vifungo vyake."

Selipher hakulia mbele yao. Alikwenda chumbani kwake, akakaa kitandani na lile komamanga mapajani, na aliumia. Hakuumia kwa sababu ya safari, ingawa Riyadh alitaka kuiona. Aliumia kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa amefanya kitu kinachobaki, na kingewekwa mezani kana kwamba kimejifunga chenyewe.

Ijumaa asubuhi kengele ya geti ikalia.

Madam Nawal alitazama kwenye kioo cha kamera, akaona mwanamume mrefu mwenye suti iliyokunjamana na begi kubwa, akadhani ni mtu wa kuuza vyombo. Alikuwa Laban. Alikuwa amemwomba bosi wake ruhusa, akapanda basi kutoka Riyadh, amesafiri usiku kucha bila kufumba jicho. Ndani ya begi aliweka alivyozoea kuona mama yake akimpelekea mjomba aliyewahi kuwa ndani: sabuni za miche, sukari, ndara, kopo la Vaseline, na pakiti ya unga wa ugali.

Baba Idris akamkaribisha, maana alikuwa mtu wa adabu hata akikasirika. Laban akasimama katikati ya zulia, akaanza hotuba aliyoitunga njiani.

"Bosi, madam, mimi sijakuja kwa fujo. Nimekuja kwa amani. Mtoto wa watu akikosa, anasamehewa. Kama ni kuomba msamaha, naomba mimi. Kama ni kumaliza hicho kifungo, wacha nikimalize mi..."

Selipher akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la kazi, na shingoni amejitundikia kamba za hariri za kitanzi, kama anavyofanya kila fundi asiye na meza.

"Cuzo!" Laban akapiga ukelele uliomwamsha paka. "Wameshakuvalisha!"

"Laban," akasema Selipher. "Umeleta unga?"

"Nimeleta. Ingia nyuma yangu, usiogope, niko hapa."

"Laban. Hiki ni nini?" Akainua komamanga.

Laban akatazama. "Ni button. Poa sana. Lakini si wakati wa..."

"Button ni Kiingereza. Kwa Kiswahili?"

Macho ya Laban yakaenda juu, yakarudi. Alionekana mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko yote. "Ki..." akasema. Akasita. "Kifungo."

"Na hii inayokishika?"

"Hiyo ni loop."

"Laban."

"Kitanzi," akasema Laban kwa sauti ndogo, akaketi kwenye kochi la watu bila kukaribishwa. Halafu, kwa kuwa ni Laban, akapata nguvu tena. "Sasa kwa nini hukusema tu button kama watu wengine, wewe Kamusi?"

Baba Idris akataka aelezwe. Laban, kwa aibu iliyomfanya awe mkweli, akaeleza kwa Kiarabu chake, ambacho kwa kweli kilikuwa kikubwa kuliko cha Selipher: kwamba kwao, kitu cha kufungia nguo na adhabu ya jela vinaitwa kwa neno moja. Madam Nawal akatikisa kichwa. Aliona wanazidi kumfanya mjinga.

"Ni lugha gani hiyo," akasema, "inayofunga nguo na kufunga watu kwa neno moja?"

"Yangu," ikasema sauti nyuma yao.

Nainai alikuwa amesimama na mkongojo wake. Haijulikani alikuwa hapo tangu lini, lakini alikuwa na sura ya mtu aliyefaidi. "Kou," akasema. "Kifungo cha nguo ni kou. Askari akikuzuia wewe na mizigo yako, ni kou. Neno moja. Mwanangu, hukuwahi kuniuliza." Baba Idris akainamisha macho, maana kweli hakuwahi kuuliza.

Nainai akaketi, akamwambia Laban asogee. Akaeleza, kwa ukali ule ule anaoombea chumvi, kwamba siku mama yake alipofika Jeddah na meli, akiwa na yeye mgongoni, walizuiwa karantini, pale mtaa wa Mahjar ambako sasa kumejaa nyumba za wapangaji. Mama yake hakujua Kiarabu, mume amefia njiani. Alikuwa na pindo la gauni lake la hariri tu. Akalikata mshazari. Humo ndani akafunga vifungo, na wake wa wakubwa wa karantini wakaviona. Siku alipofunguliwa mlango, tayari alikuwa na watu wanaomjua kwa jina. "Alifungwa akafunga," akasema Nainai. "Mimi na ninyi nyote tumekula kwa kou hiyo."

Madam Nawal akachukua lile komamanga kutoka mkononi mwa Selipher, akaligeuzageuza. Hasira ilikuwa imemtoka, lakini hofu ilibaki, na yeye si mtu wa kuificha. "Nimeelewa," akasema. "Lakini ajenti ameshasikia, na watu wake wameshasikia. Tukimpeleka Riyadh tukamkalisha mezani, watasema tumemleta ili kujisafisha. Abaki. Ni vizuri kwake pia."

"Kweli, madam," Laban akadakia, "hata mimi naona bora apumzike, nita..."

"Nyamaza, Laban," akasema Selipher.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Kiarabu kilimkimbia kabisa, basi akasema kwa Kiswahili, pole pole, na akamwambia Laban atafsiri kila neno na asiongeze lake.

"Tangu jana kila mtu ananisemea. Laban amenisemea, ajenti amenisemea, na madam sasa ananisemea. Nisipokwenda, watu watasema habari ni kweli, yuko ndani, haonekani. Nikienda, nikakaa mlango ukiwa wazi, na jina langu likitajwa, jela iko wapi? Nataka kwenda, madam. Siombi kubebwa. Hakuna aliyenifunga. Mimi ndiye ninayefunga."

Laban alitafsiri. Mwishoni alikwama, maana Kiarabu hakikuwa na njia ya mkato kwa maneno yale, akalazimika kuzunguka kwa mikono, akiigiza pingu, kisha akiigiza kufunga shati lake mwenyewe mpaka kooni. Nainai alicheka mpaka akakohoa. Madam Nawal hakucheka, lakini midomo yake ilimsaliti.

"Yalla," akasema Madam, akisimama. "Hatuwezi kwenda na gauni la jikoni. Kuna abaya yangu ya kijivu, ijaribu. Na huyu mwenyekiti wenu apewe kifungua kinywa, ataanguka."

Wakaenda Riyadh wote, Laban akiwa kiti cha mbele karibu na Baba, amejikunja kwa adabu. Njia nzima Nainai alikuwa akimwuliza maneno ya Kiswahili kutoka nyuma, na kila akijibu, Selipher alimsahihisha.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi mpana wenye baridi. Meza moja ilikuwa na karatasi nyekundu zilizokatwa kwa makasi, nyingine ya darizi, nyingine ya maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa brashi ya Kichina. Rawan alikuwa ametandika kitambaa cheupe na kuvipanga vifungo, komamanga katikati. Alimkumbatia bibi yake, akamkumbatia na Selipher, akasema bado wanaleta viti na kwa sasa amepata kimoja tu.

Selipher akakivuta, akakipangusa, akamgeuzia Nainai. "Karibu, Nainai. Kaa."

"Kaa wewe," akasema Nainai.

"Siwezi."

"Una jipu?"

"Siwezi kukaa wewe umesimama. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Mama akisikia atanikana."

"Mama yako yuko Mombasa. Kaa."

Watu walikuwa wameanza kuingia. Selipher akatazama huku na huku kutafuta kiti kingine, hakukiona. Magoti ya Nainai aliyajua, aliyakanda kila jioni kwa mafuta ya mkarafuu. Akasimama na hariri mkononi, hajui afanye nini, na kwa dakika hiyo kila kitu alichokisema sebuleni kilionekana kitu rahisi kuliko kuketi.

Mwanamke mmoja akasimama mbele ya meza, Mchina, na binti yake. Akainama juu ya komamanga. Akamwuliza Nainai kitu kwa Kichina, kwa heshima, amekutanisha mikono. Nainai akamwitikia kwa neno moja na kumnyooshea kidole Selipher.

Kisha akamgeukia Selipher, akateremsha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukuwa na ukali ndani yake.

"Unadhani nasimama kwa ajili yako?" akasema. "Sikiliza. Fundi hukaa. Anayesimama nyuma ya fundi ni mwalimu wake. Nimengoja miaka yote hii nipate wa kusimama nyuma yake. Sasa kaa, usininyime."

Selipher akakaa.

Yule mgeni akarudia swali lake, safari hii kwa Kiarabu cha taratibu. Nani amekifunga hiki? Rawan alikuwa amefungua kinywa, akakifumba.

"Mimi," akasema Selipher. "Naitwa Selipher." Akachukua kamba, akaizungusha kwenye kidole, ili yule binti aone vizuri inavyopita juu na inavyopita chini.

Mkono wa Nainai ukamtua begani, mzito, uzito wote wa magoti yale mabovu juu yake. Ulikaa hapo mpaka jioni. Kiti cha pili kililetwa, na Nainai akakitumia kuwekea mkoba.